Mwanangu, insha yako nimeisoma mara mbili

Mwanangu mpendwa,

Natumai hujambo na masomo yanakwenda vizuri. Insha yako juu ya Kusadikika, riwaya ya Shaaban Robert, imenifikia. Mara ya kwanza niliisoma kama mama, nikafurahia lugha yako ilivyonyooka. Mara ya pili niliisoma kama mtu aliyeuliza swali na anangoja jibu. Jibu sikulipata, na kwa kuwa nakupenda sitakuficha.

Umeandika kurasa 4, na karibu zote zinasimulia: Karama kashtakiwa, Majivuno kasimama kumshitaki, wajumbe sita walitumwa, kila mmoja akarudi na yaliyomkuta. Yote ni kweli. Lakini mwalimu wako kitabu hicho amekisoma. Hakuuliza kimetokea nini, aliuliza mwandishi ametumiaje kesi hiyo kuonyesha uonevu wa watawala. Nilipokuwa na umri wako, nami nilirudishiwa insha yenye mstari mmoja wa wino mwekundu: "Haya nimeyasoma kitabuni. Wewe unasemaje?" Niliumia, ila swali lile limekaa nami hadi leo, na ndilo ninalokuuliza.

Wewe unasemaje? Uliandika kwamba Kusadikika ni riwaya inayohusu uonevu. Nani atabisha? Sentensi isiyoweza kubishiwa si hoja, ni taarifa. Jaribu hii: Karama anashinda kesi si kwa kujisafisha mwenyewe, bali kwa kuwasemea wajumbe walionyamazishwa. Hapo mtu anaweza kusimama akasema, hapana, alishinda kwa sababu mfalme alikubali kumsikiliza. Vizuri! Sasa una kazi ya kufanya. Mlete mpinzani huyo ndani ya insha, mpe nafasi yake, kisha umjibu kwa ushahidi wa kitabu. Ukikuta kwamba kwa sehemu fulani yuko sahihi, kubali na urekebishe hoja yako. Insha inayofikiri hivyo mbele ya msomaji naipenda kuliko iliyojaa maneno ya fahari.

Hoja hiyo lazima itoke kwako. Aya yako ya tatu nimeitambua. Sauti yake si yako, ni ya mwongozo, kile kijitabu kinachowachambulia wanafunzi riwaya. Soma miongozo ukishamaliza kitabu na ukishaamua unachoamini, si kabla.

Nije kwenye jambo ninalolijali zaidi. Uliandika: "Mwandishi ametumia majazi, kwa mfano Majivuno," (majazi ni jina linalobeba tabia ya mhusika), kisha ukaenda kwenye tashbihi, kisha takriri, kama mtu anayehesabu vyombo kabatini. Kutaja tamathali au mbinu ni nusu ya kazi, tena nusu iliyo rahisi. Jiulize jina lile linafanya nini. Msomaji hajamjua Majivuno vizuri, lakini tayari jina limemnong'oneza kwamba huyu mshitaki anasukumwa na kiburi. Kila anachosema baadaye tunakipima kwa kipimo hicho. Kwa hiyo Karama ndiye aliye kizimbani, lakini wasomaji tunamhukumu Majivuno. Unaona? Jina moja limegeuza kesi nzima juu chini. Hiyo ni aya kamili, na inajibu swali uliloulizwa. Heri majazi moja iliyochimbwa namna hiyo kuliko mbinu kumi zilizotajwa.

Na dondoo pia. Usimwage mistari minane ya kitabu ukaiacha hapo ijitetee yenyewe. Chukua maneno machache, yaingize ndani ya sentensi yako, kisha kaa nayo. Kwa nini neno hili na si jingine? Anayelisema ni nani, na anamwambia nani? Maelezo yako yawe marefu kuliko dondoo, kila mara.

Ukurasa wako wa kwanza umejaa maisha ya Shaaban Robert: kuzaliwa 1909, kufariki 1962, kazi alizofanya. Ziondoe habari hizo zote isipokuwa moja. Kitabu kilitoka mwaka 1951, Tanganyika ikiwa chini ya utawala wa Waingereza. Hiyo ina kazi, kwa sababu inakupa njia ya kufikiri kwa nini nchi ya Kusadikika imewekwa angani, mahali ambapo hakuna mtawala awezaye kusema kwa uhakika kwamba ni yeye anayesemwa. Habari ya mwandishi iingie pale tu inapofungua jambo ndani ya kitabu.

Mpangilio nao uutazame. Umewapanga wajumbe sita katika aya sita, kwa mfuatano wa kitabu, ndiyo maana ulijikuta unasimulia. Panga kwa hoja. Chagua wajumbe wawili wanaoibeba vizuri, uwachambue kwa kina, wengine wataje kwa sentensi moja. Kila aya ianze na jambo unalodai, si na jambo lililotokea. Utangulizi uandike mwisho, ukishajua umesema nini. Hitimisho liwe fupi.

Kabla ya yote hayo, rudi kwenye swali lenyewe na upige mstari chini ya kitenzi chake. "Jadili" inataka upime pande zaidi ya moja, "thibitisha" inataka ushahidi, "linganisha" inataka uviweke vitu viwili pamoja kila hatua, si kimoja kwanza na kingine baadaye.

Usiiandike insha nzima upya leo. Anza na aya ya Majivuno peke yake, isome kwa sauti, kisha nitumie. Nitaisoma nikiwa na kitabu mkononi, na usipokubaliana na nilivyomwelewa, niandikie sababu na ukurasa.

Mimi mama yako.