Shukrani kwa mzee wa steshenari, Tabora

Shikamoo, mzee. Sisi ni wale wanafunzi wa jarida la muziki wa dansi uliotukuta kwenye steshenari ya karibu na stendi. Ulikuja kutoa kopi zako tu, ukaishia kukaa nasi hadi umeme ukakatika. Jina hukutuachia, ndiyo maana tunakushukuru hapa.

Ulitukunjia karatasi ya A4 katikati tukaona inazaa kurasa nne, kwa hiyo jumla ya kurasa lazima igawanyike kwa nne, la sivyo nyuma kunabaki weupe. Picha za kuchapa ziwe na nukta 300 kwa inchi. Zilizopita WhatsApp zimeshabanwa, zinatoka na ukungu.

Halafu ukaanza habari za bendi ya Tabora Jazz na mtindo wao wa Segere Matata, ukaja bendi ya Nyanyembe Jazz, mpaka mwenye duka akaacha kazi akasikiliza. Kurasa za katikati zimetokana na maongezi hayo.

La tathmini ya jarida ndilo lililotusaidia zaidi. Ulisema tusimuulize mtu kama amelipenda, maana atajibu ndiyo kwa adabu (Wanyamwezi kwa adabu, we acha!). Tumpe asome, tutazame kurasa anazokaa nazo na anazoruka, kisha tumuulize anakumbuka nini. Tuliowapa wasome walikaa kwenye bendi za zamani. Mahojiano marefu waliyaruka, tukayakata nusu.

Nakala yako iko kwa dada wa kaunta, pitia uichukue. Tulitaka kuambatanisha na asali ya Sikonge, mfuko ukagoma.