Huyu Mwarabu anafanya nini humu?

Kwako shoga yangu Mwanaidi,

Salaam nyingi. Sisi wazima, goti la mama limepata nafuu. Niwie radhi kwa kimya. Mwambie Athmani kitabu chake ninacho.

Kilichonishikisha kalamu ni kijana wa kidato cha pili. Juzi niliandika ubaoni "mstaarabu" ili watunge sentensi. Akaja mbele, akaziba kwa kiganja herufi nne za mwanzo. Pakabaki "arabu". "Mwalimu, huyu Mwarabu anafanya nini humu?"

Nikamweleza. Kwa Kiarabu, istaaraba ni kushika lugha na desturi za Waarabu hadi ukawa kama wao. Waarabu wenyewe, katika elimu ya nasaba, kizazi cha Ismaili mwana wa Ibrahimu hukiita mustaariba, waliokuja kuwa Waarabu, na Makureshi, kabila la Mtume, wamo! Hispania nako, Wakristo waliokaa chini ya watawala Waislamu wakazoea mila za Kiarabu wakapata jina la shina hilohilo, mozárabe. Ibada yao ingaliko Toledo. Kule ni jina la watu. Kwetu limekuwa kipimo cha tabia njema, na hapo ndipo panaponiuma. Wazee wa pwani walisema muungwana. Karne ya 19, Seyyid Said, mtawala wa Omani, alipohamishia makao yake Unguja na heshima ikafuata Omani, ustaarabu ukaanza kuupiku uungwana.

Nikaazimia kuwaambia darasani: tuliache mstaarabu, turudi kwa muungwana. Usiku usingizi ukanipaa. Muungwana ni nani? Ni yule asiye mtumwa. Nalo lina mtu aliyekanyagwa chini yake! Sasa nikimbilie utu? Utu naupenda, lakini anayesubiri zamu yake bila kusukuma watu hatumwiti mwenye utu. Twamwita mstaarabu, na hakuna anayemwazia Mwarabu. Ila yule kijana alimwona. Kile kiganja chake ubaoni bado nakiona.

Nisaidie, shoga. Bi Mkubwa alipokusifu utotoni, alitumia neno gani? Alimwita nani muungwana, na je, aliwahi kumwita hivyo mtu ambaye wazazi wake walikuwa watumwa? Mjomba wako anayesomesha Kiarabu anasemaje? Na wewe ungemjibu nini mtoto yule? Nina kipindi chao Jumatatu asubuhi, nijibu kabla ya hapo.

Wako,
Zuhura