Barua kwa Wakesho kabla ya Kikao cha Wundanyi

Mikindani, Mombasa
19 Desemba 2025

Shoga yangu Wakesho,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Mama yako ameniambia kwa simu kuwa mwaka huu mnapanda kwenda nyumbani Wundanyi nyote, hata kaka yako wa Doha, na kwamba siku ya pili ya Krismasi mtaketi kikao. Vizuri sana. Krismasi ya kwanza bila Mzee, baba yenu, ni ngumu, afadhali mkae pamoja kuliko kila mtu alie kwake.

Barua yako nimeipata. Umeniuliza laki nane zako uziweke wapi maadamu hati ya hazina, ule mkopo wako wa muda mfupi kwa Serikali, imeiva, kisha ukagusia juu juu habari ya hisa za Mzee na mpango wa kaka yako wa kuziuza. Mimi naona hilo la pili ndilo zito, nawe umelipa mistari mitatu! Haya, nianze na lako.

Umeshtuka kwa riba unayotolewa safari hii. Hakuna aliyekupunja, Wakesho. Katikati ya 2024 hati za siku 91 zilikuwa zinalipa karibu asilimia 16, na sasa hazifiki 8. Laki nane kwa asilimia 16 ni shilingi 128,000 kwa mwaka, ukitoa kodi ya zuio ya asilimia 15 unabaki na 108,800. Kwa asilimia 8 unabaki na 54,400. Nusu kamili imekwenda, na ndiyo maana unahisi kama umeibiwa.

Lakini kumbuka zile riba za juu zilitoka wapi. Januari 2024 dola ilipita shilingi 160, na kila mtu alikuwa akijiuliza kama Serikali itaweza kulipa ile Eurobond, deni la nje la dola bilioni 2 lililokuwa linaiva Juni. Februari Benki Kuu ikapandisha riba yake hadi asilimia 13. Mwezi huohuo Serikali ikakopa upya nje, ikanunua sehemu kubwa ya deni lile la zamani, hofu ikapoa, na dola ikashuka hadi 129 hivi, ambako imeganda mpaka leo. Kuanzia Agosti 2024 Benki Kuu imepunguza riba kila ilipokutana, mara tisa mfululizo, na mwezi huu imefika 9. Yaani tulikuwa tunalipwa kwa ajili ya hofu, na hofu imeisha. Bei za vitu nazo zinapanda kwa asilimia 4 na nusu hivi, kwa hiyo hata hiyo 8, baada ya kodi, bado inakuacha juu kidogo. Kidogo tu, lakini juu.

Hapa ofisini tuna jamaa aliyenunua ile bondi ya miundombinu, yaani mkopo wa miaka mingi kwa Serikali, ya Februari 2024, yenye riba ya asilimia 18.46 isiyokatwa kodi. Serikali ilitaka bilioni 70, watu wakaleta bilioni 288. Kila baada ya miezi sita anapokea shilingi 92,300 kwa milioni yake, na hatuachi kusikia. Sasa amewatia wenzake tamaa, wanatafuta mtu wa kuwauzia bondi hiyohiyo. Nawe usije ukaingia humo kwa kudhani utapata 18. Bondi ya zamani yenye riba kubwa ni kama nyumba yenye mpangaji anayelipa kodi nono: mwenyewe hakuuzii kwa bei aliyojengea. Utailipia juu ya milioni, na ukipiga hesabu mpaka siku itakapoiva, faida yako itakuwa sawa na ya bondi za leo. Aliyefaidi ni yule aliyenunua wakati wengine wameshika tama.

Basi laki nane ziende wapi? Mimi siulizi kwanza nani analipa zaidi. Nauliza kila fungu la pesa litahitajika lini. Kifungua mimba wako anaingia Gredi ya 10 Januari, na shule hizi za sekondari ya juu ndiyo mara ya kwanza zinapokea darasa hilo, kwa hiyo hakuna dada wala kaka aliyetangulia wa kumwuliza gharama halisi. Karo, godoro, sanduku, sare. Tenga laki mbili na nusu, uziache kwenye mfuko wa soko la fedha, ule unaokusanya pesa za watu wengi na kuzikopesha kwa muda mfupi, ambako unaweza kuzitoa kwa siku mbili tatu. Mifuko hiyo nayo imeshuka, mingi iko kwenye asilimia 10 hivi kabla ya kodi. Usihangaike kuhama mfuko kwa ajili ya nusu asilimia. Kwa pesa ya karo tofauti hiyo haijazi hata tangi la gari la shemeji.

Fungu la pili ndilo nataka ulifanyie kazi wiki hii, kwa sababu lina tarehe. Mwaka wa kodi wa mwajiriwa unafungwa 31 Desemba. Tangu 27 Desemba mwaka jana sheria inaruhusu michango ya pensheni hadi shilingi 30,000 kwa mwezi, yaani 360,000 kwa mwaka, itolewe kwenye mshahara kabla ya kukatwa kodi. Zamani ilikuwa 20,000. Wewe hospitali unakofanya kazi inakukata 9,000 za pensheni kwa mwezi, na NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, 4,320 tangu Februari, ambayo nayo inahesabiwa humo. Nafasi uliyobakiza mwaka huu ni takriban laki mbili, na ikifika Januari imepotea, haihamishiki kwenda mwaka mwingine. Ukiongeza 150,000 kabla mwaka haujafungwa, nawe uko kwenye daraja la kodi la asilimia 30, kodi inapungua kwa shilingi 45,000. Nitajie hati ya hazina inayolipa hivyo kwa wiki mbili! Mwulize mtu wa mishahara kama bado anaweza kuiingiza kwenye malipo ya Desemba. Akikwambia ameshafunga, lipa mwenyewe kwenye mpango wa pensheni wa mtu binafsi, chukua cheti cha mchango, kisha uidai kwenye ritani yako ya KRA, mamlaka ya kodi, kabla ya 30 Juni. Ujue tu kwamba pesa hiyo umeifunga hadi uzeeni, ndiyo maana sisemi uweke zote. Ila sheria hiyohiyo imeondoa kodi kwenye mafao ya anayefikia umri wa kustaafu, kwa hiyo huko mbele hawakungoji na makasi.

Laki nne zinazobaki mimi ningezigawa kati ya bondi ya miaka michache, inunuliwe moja kwa moja kwenye DhowCSD, mtandao wa Benki Kuu wa kununulia bondi na hati, bila dalali, na hisa kidogo kidogo kila mwezi. Tangu Agosti soko la Nairobi linakubali ununue hata hisa moja, ule ulazima wa mia mia umekwisha. Lakini hisa usiziguse kwa pesa unayoihitaji kabla ya miaka mitano. Mwaka huu zimepanda sana, na mwaka jana vilevile, na hapo ndipo watu huingia wakiwa wamechelewa. Viwanja vya Mai Mahiu ambavyo shemeji anavitaja, tuzungumze ana kwa ana. Maoni yangu kuhusu kiwanja cha tatu kisicho na maji unayajua.

Sasa twende kwa kaka yako. Umesema anataka hisa za Safaricom za Mzee ziuzwe haraka, akaongeze kwenye lori, kwa sababu amesoma kwamba Vodacom inanunua kwa shilingi 34. Ni kweli, tarehe 4 mwezi huu ilitangazwa kuwa Serikali itaiuzia Vodacom asilimia 15 ya Safaricom kwa shilingi 34 kwa hisa, jumla bilioni 204 na ushei. Lakini hayo ni makubaliano ya Serikali na Vodacom, tena bado yanangoja vibali. Hakuna anayekuja Wundanyi na 34 mkononi. Sokoni hisa moja bado iko chini ya 30.

Hata ingekuwa 34, hisa hizo si za kaka yako kuuza, wala si zako. Mzee hakuacha wasia. Sheria ya urithi ya Kenya inasema aliyefariki bila wasia akiacha mjane na watoto, vyombo vya nyumbani ni vya mjane moja kwa moja, na mali iliyobaki mjane anayo haki ya kuitumia maisha yake yote. Gawio la hisa zile, yaani faida ambayo kampuni huwagawia wenye hisa, ni la mama. Safaricom ililipa shilingi 1.20 kwa hisa kwa mwaka ulioishia Machi. Kwa hisa 10,000 za Mzee hiyo ni 12,000, toa kodi asilimia 5, mama anapata 11,400. Kwa mwanamke anayelima mboga na kununua dawa za presha, hiyo si pesa ya kuchezea. Mzee alizikusanya kwa subira: nyingine mwaka 2008 kwa shilingi 5, nyingine mwaka uliofuata ziliposhuka chini ya 3 na watu waliokopa benki kuzinunua wakawa wanazitupa. Leo zinakaribia laki tatu. Wauze siku moja wakikubaliana, sawa, lakini mama awe wa kwanza kuulizwa.

Tena hawawezi kuuza hata wakitaka. Akaunti ya hisa ya marehemu haigusiki mpaka ombi la mirathi litangazwe kwenye gazeti la Serikali, mahakama itoe barua za usimamizi wa mirathi, na barua zile zithibitishwe, jambo ambalo kwa kawaida hungoja miezi sita. Mzee alituacha Machi. Mngeanza Aprili mngekuwa mwishoni sasa. Silaumu mtu, matanga yenyewe yalikuwa na mambo yake.

Lile jalada la plastiki la buluu alilokuwa akiliweka chini ya godoro, usiliache likapotea kwenye usafi wa sikukuu. Siku ya mazishi mama alinionyesha: ndani mna hundi za gawio ambazo Mzee hakuwahi kuzipeleka benki, moja ya shilingi 96, nyingine 310, za kampuni tatu tofauti. Usicheke. Hundi zenyewe zimeshakufa, lakini pesa haijafa. Gawio lisilodaiwa kwa miaka mitatu kampuni hulipeleka kwa UFAA, ile mamlaka ya mali zilizosahauliwa, na pesa ya M-Pesa iliyolala miaka miwili huenda hukohuko. Warithi wanaweza kuidai. Mtu akijitokeza kijijini kutaka asilimia 30 ili awafuatilie, mfukuzeni, fomu ni za kujaza wenyewe.

Na mkiwa mmekaa hapo, kila mmoja wenu aseme yake iko wapi. Watu wanadhani jina waliloandika benki kama mtu wa karibu ndiye mrithi. Siyo, huyo ni wa kupigiwa simu tu, akaunti inaingia kwenye mirathi. Kwenye SACCO ni tofauti, yule uliyemteua ndiye anayelipwa. Wewe SACCO yako ulijiunga kabla hujaolewa, na kama sikosei bado umemwandika Mzee. Badilisha. Wasia nao si kazi ya matajiri: karatasi, sahihi yako, na mashahidi wawili wasiorithi chochote humo. Kaka yako wa Doha ndiye wa kubanwa zaidi, ana nyumba Voi, akaunti mbili na mke ambaye hajui hata moja.

Ukumbuke pia bima ya amana hulipa hadi laki tano tu kwa mtu kwa kila benki ikifilisika. Zile pesa za mazao ya shemeji zote ziko benki moja ndogo, mwambie azigawe.

Mimi nashuka Voi kwa treni ya SGR Jumatatu, kisha nitapata matatu ya kupanda. Nakuomba utangulie jambo moja: mahakama ya Wundanyi itataka barua ya chifu inayotaja warithi wote, na ofisi ya chifu ikifungwa kwa sikukuu hamtampata mtu mpaka Januari. Mwombe mdogo wako aliyeko nyumbani aende Jumatatu asubuhi, na mama awepo. Wewe njoo na nakala za cheti cha kifo, vitambulisho vyenu nyote na pini za KRA. Toa nakala hukohuko Nakuru, mashine ya pale stendi ya Wundanyi huwa haina wino msimu huu.

Nisalimie watoto, na mwambie shemeji nakuja na samaki wa kukaanga, asianze kuchinja mbuzi kabla sijafika.

Wako,
Mghoi