Nakala za programu huria ziwekwe maktaba za Pemba

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie shida wanayoipata wale wanaojifundisha kompyuta majumbani mwao hapa Pemba kwa kutumia programu huria. Programu hizi hazina bei, na leseni zake zinamruhusu kila mtu kuzitumia, kuzichungulia ndani, kuzirekebisha na kuwagawia wenziwe. Lakini kuzifikisha Wete kutoka huko ziliko kunaweza kukumalizia bando la mwezi mzima kwa usiku mmoja.

Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10 mwezi wa Oktoba 2025, kompyuta yangu mpakato, ambayo haina sifa za kupokea Windows 11, ilibakia njia panda. Nilitamani kuijaribu Ubuntu, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta uliojengwa juu ya Linux, ila sikuthubutu kuifuta diski yenye kazi zangu za skuli na picha za harusi ya binti yangu. Ndipo nilipoelekezwa kwenye mashine pepe: programu kama VirtualBox huchukua sehemu ya kumbukumbu na ya diski ya kompyuta yako, ikaifanya iwe kama kompyuta nyengine inayofanya kazi ndani ya dirisha, na lolote litakaloharibika humo halivuki kuja nje.

Faili la kusakinishia Ubuntu lilizidi gigabaiti 5. Mara ya kwanza umeme ulikatika nikiwa nimeshavuka nusu. Mara ya pili mtandao ulilegea karibu na alfajiri, na kivinjari kikalitupa lote. Mara ya tatu nilitumia wget, programu ya kupakulia mafaili, kwa alama ya -c, ambayo huendeleza upakuaji pale ulipoishia, na faili likatimia baada ya siku 2 na mabando 2. Hata hivyo mashine pepe ilikataa kuwaka, ikidai kwamba uwezo wa prosesa wa kubeba mashine pepe umezimwa, kwa hiyo nikaizima kompyuta, nikaiwasha tena huku nikibonyeza F10, nikaufungua uwezo huo katika mipangilio ya ndani. Kazi hiyo ilitaka subira tu, haikutaka bando.

Mpwa wangu wa kidato cha tatu ndiye aliyefaidi zaidi. Jioni moja alikuwa akijaribu amri za kufuta mafaili, akaifuta saraka nzima ya mfumo, dirisha likaganda. Alikuja barazani uso umemshuka, akaniambia, "Mjomba, nimeiua." Nilikuwa nimeshaihifadhi hali ya mashine ile mchana wake, nikairejesha kabla hajakaa sawasawa kwenye kiti. Tokea siku hiyo anavunja na kujenga bila ya khofu, na mama yake ameacha kumkemea kuwa anachezea kompyuta ya watu.

Vijana wenye hamu kama yake ni wengi, lakini hawana wa kuwalipia mabando mawili. Wanachokipata kwa wepesi ni nakala za Windows na programu za ofisi zilizovunjwa kufuli, zinazotembea kwenye flashi kutoka mkono hadi mkono pamoja na virusi vyake, na anayezitumia anajua kwamba mwenye mali hakuridhia. Kwa programu huria, kunakili kwa flashi ni halali kabisa. Leseni ya GPL, inayotumika kwa kiini cha Linux ambacho Linus Torvalds alianza kukiandika mwaka 1991, inakuruhusu hata kutoza fedha kwa kazi ya kunakili. Ni uhuru wa aina hiyo uliowawezesha wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux, kuitafsiri OpenOffice, programu huria ya kazi za ofisi, kwa Kiswahili na kuitoa mwaka 2004 kwa jina la Jambo OpenOffice.

Ombi langu kwa Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali, na kwa wanaosimamia maktaba za umma na vituo vya walimu, ni kwamba kila pahala penye kompyuta ya umma pawekwe diski moja ya nje yenye mafaili ya kusakinishia Debian (mfumo mwengine wa Linux), Ubuntu, LibreOffice (programu za ofisi) na VirtualBox, pamoja na miongozo yake. Terabaiti 1 ni nafasi ya kutosha na kubakia. Mwananchi aje na flashi yake, anakiliwe, aondoke. Msimamizi ayapakue kutoka kwa wenyewe tu, na alinganishe alama za uhakiki, zinazoonesha kama faili halikubadilishwa, zinazotolewa pamoja na kila faili, kwa sababu faili lililochezewa likiingia humo litasambaa Micheweni mpaka Mkoani kabla ya wiki kwisha. Diski isasishwe angalau kila miezi 6, kwani Ubuntu hutoa toleo jipya kila Aprili na Oktoba.

Najua litaulizwa suali la nani atakayeifanya kazi hiyo. Kwa upande wa Wete, diski ninayo, imeshajazwa na kuhakikiwa, na Jumamosi asubuhi nina nafasi. Ninachosubiri ni meza na ruhusa.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Wete, Pemba.