Molekuli haitaki kitu

Mwanangu mpendwa,

Daftari lako la baiolojia umeliacha mezani, nami nikalifungua penye somo la difyusheni, yaani kusambaa kwa molekuli, zile chembe ndogo mno za kila kitu. Kuna sentensi moja imenikera: "Oksijeni hutaka kwenda kule iliko kidogo." Mwalimu amekupa vema. Mimi ningekunyima.

Molekuli haitaki kitu. Inagongwa na nyingine kila upande, inarushwa huku, inarudishwa kule, basi. Tia tone la wino kwenye glasi ya maji yaliyotulia, usikoroge, ukae uangalie. Uzi mweusi utashuka ukijikunja, kisha kingo zake zitafifia taratibu mpaka glasi nzima iwe rangi moja. Ni hesabu tu: upande mmoja ukiwa na molekuli elfu na wa pili kumi, zote zikitangatanga, zinazovuka kutoka kwenye elfu lazima ziwe nyingi zaidi. Zikishalingana, safari haikomi. Zinavuka vilevile, ila ziendazo ni sawa na zirudizo. Wengi hukosea hapo.

Utando wa seli una unene wa nanomita 7 au 8 hivi (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita), tabaka mbili za mafuta. Oksijeni na hewa ya ukaa hupenya bila kubisha hodi. Glukosi ni kubwa mno, na ayoni za sodiamu zina chaji, kwa hiyo mafuta hayazitaki (unaona, hata mimi nimeteleza). Hizo hupitia kwenye protini zilizochomekwa katika utando. Nayo bado ni difyusheni, mradi zinatoka kwenye wingi kwenda kwenye uchache. Kinyume chake ndiyo hugharimu nishati.

Juzi uliniuliza mbona seli ni ndogo hivyo. Jibu limo katika kanuni alizotoa Adolf Fick mwaka 1855: umbali ukizidi mara 10, muda unazidi mara 100. Majini, oksijeni husafiri mikromita 10 (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita) kwa sehemu ndogo tu ya sekunde. Sentimita moja? Saa kadhaa, na seli kubwa hivyo ingengoja mno. Ndiyo maana kwenye mapafu ukuta kati ya hewa na damu hauzidi mikromita moja. Damu hupita hapo kwa muda usiofika hata sekunde, na inaondoka imeshajaa oksijeni.

Irekebishe hiyo sentensi kabla hujarudisha daftari.

Mama yako