Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Meya: sherehe zisizo na mwandaaji nazo ziingie kwenye kalenda ya jiji

Mheshimiwa Meya,

Salaam nyingi, kwa heshima na taadhima. Mimi ni mkazi wa jiji unaloliongoza, na huu ni mwaka wa 9 najitolea kutoa huduma ya kwanza kwenye mikusanyiko. Gwaride, mbio ndefu, tamasha la muziki, Idi, Krismasi, mkesha wa mwaka mpya: watu wakifika kusherehekea, mimi nipo pembeni na mkoba wangu wa bandeji. Nazipenda sherehe hizi kwa moyo wote. Siku za kawaida watu wa jiji kubwa hupishana bila hata kutazamana, lakini usiku wa sherehe nimeona mzee akibebewa kiti na vijana asiowajua ili naye aone gwaride likipita.

Nimeisoma kalenda ya matukio ya mwaka uliyoitoa, mwezi kwa mwezi. Imepangwa vizuri na wageni wataifurahia. Kila tukio lililomo lina mwandaaji, mdhamini na kibali. Lakini usiku ninaouogopa kuliko wote, mkesha wa mwaka mpya, nimeutafuta nikaukosa. Haumo kwa sababu hakuna mtu aliyeuombea kibali. Watu huenda wenyewe darajani kutazama fataki, kama walivyokwenda mwaka jana na mwaka juzi. Vivyo hivyo usiku wa fainali ya mpira na usiku wa mwezi kuandama. Hizo ndizo sherehe kubwa kabisa za jiji hili, na kwenye karatasi za ofisi hazipo.

Naomba nikusimulie nilichokiona mwaka juzi. Nilikuwa kwenye ngazi zinazotoka darajani kushuka mtoni, saa 5:40 usiku. Waliokuwa wanapanda kuwahi fataki walikutana katikati na waliokuwa wanashuka kuwahi treni, na nyuma hakukuwa na pa kurudi. Nikamwona binti mmoja, mikono imebanwa kifuani, simu ameishika na hawezi kuishusha. Uso ameuinua, mdomo wazi, anatafuta hewa. Hakupiga kelele hata kidogo. Kupiga kelele kunataka pumzi, na mwenye kifua kilichobanwa hana pumzi ya kutoa. Ndiyo maana wanaotazama kwa mbali huona umati uliotulia, wakadhani mambo ni shwari. Tulimvuta watu watatu tukampitisha juu ya reli ya kushikia ya ngazi, kiatu kimoja kikabaki kule kule. Alipopata nafuu, jambo la kwanza kuniuliza lilikuwa kama fataki zimeshapigwa.

Hakufa mtu usiku ule. Wiki iliyofuata nilikwenda kutoa taarifa kwenye ofisi inayohusika, nikajibiwa kwamba mkusanyiko haukuwa na kibali, kwa hiyo hauna faili. Jibu hilo ndilo lililonifanya nikuandikie hadharani.

Mheshimiwa, pengo hilo la faili limeshaua kwingine. Tarehe 29 Oktoba 2022, vijana walijaa mtaa wa Itaewon, Seoul, Korea Kusini, kusherehekea Halloween, sikukuu ya kuvalia mavazi ya kutisha. Ilikuwa Halloween ya kwanza tangu masharti ya korona yalegezwe, na hakuna aliyekuwa hajui kuwa watakuja wengi. Ila sherehe haikuwa na mwandaaji, hivyo hapakuwa na mtu aliyelazimika kuandika mpango wa kuongoza watu. Simu ya kwanza ya kuwaonya polisi kuwa watu watabanwa ilipigwa saa 12:34 jioni. Maafa yenyewe yalitokea baada ya saa 4 usiku, kwenye kichochoro ambacho sehemu yake nyembamba ina upana wa mita 3 na ushee tu. Waliohesabiwa kupoteza maisha ni watu 159. Baada ya hapo Korea Kusini ilirekebisha sheria yake ya usalama ili mkusanyiko usio na mwandaaji nao uwe dhamana ya mamlaka za mitaa. Sisi tunaweza kufanya hivyo kabla ya msiba.

Shanghai nako, mkesha wa kuingia mwaka 2015, walikufa watu 36 kwenye ngazi za kupandia jukwaa la kutazamia mto, pale Waitan. Habari hii huwa inaninyima usingizi kwa jinsi inavyofanana na ngazi zetu: wanaopanda walikutana na wanaoshuka. Maonyesho ya taa yaliyozoeleka pale yalikuwa yamehamishiwa mahali pengine padogo zaidi, penye jina linalofanana na la awali, na tangazo la kuhama lilitoka siku moja tu kabla. Watu wakaenda walikozoea kwenda. Sherehe za mwaka ni mazoea. Miguu inaijua njia kuliko masikio yanavyolijua tangazo.

Sisemi kibali ndicho kinga. Tamasha la muziki la Love Parade mjini Duisburg, Ujerumani, Julai 2010, lilikuwa na kibali na mwandaaji, na bado walikufa watu 21, kwa sababu watu walipitishwa kwenye handaki moja kwa kuingia na kutoka. Ninachosema ni kwamba mkusanyiko usipokuwa na faili, hakuna hata wa kuuliza hilo handaki lina milango mingapi.

Chonde, Mheshimiwa, barua hii isiwe sababu ya kupiga marufuku. Ukiufunga mkesha wa darajani, watu watakwenda kwenye vichochoro, na huko gari la wagonjwa halipiti. Tazama London: Notting Hill, Jumapili na Jumatatu ya mwisho ya Agosti, karnivali ya mtaani iliyoanza miaka ya 1960. Mwenye nyumba, mwenye duka, mfagizi, dereva wa basi, wote wanaijua tarehe mwaka mzima kabla, wanajipanga. Au tazama Tokyo, Juni 2013, Japani ilipofuzu Kombe la Dunia na mashabiki wakafurika kwenye makutano ya Shibuya. Wala hapakuwa na mwandaaji. Polisi mmoja alipanda juu ya gari na kipaza sauti, akaongea nao kwa upole na utani, akawaambia wao ni mchezaji wa 12 wa timu ya taifa, basi wavuke barabara kwa nidhamu ya timu. Wakamshangilia, wakavuka.

Basi ninachoomba ni hiki. Kila tarehe ambayo watu wa jiji hili hukusanyika kwa mazoea iingie kwenye kalenda, iwe na kibali au isiwe nacho, na mwandaaji wake aandikwe kuwa ni jiji lenyewe. Mbele ya kila tarehe kuwe na afisa mmoja anayejulikana kwa jina, mwenye mamlaka ya kufunga ngazi au kituo cha treni palepale bila kusubiri simu ya mkubwa wake. Na mahali pakibadilika, tangazo litoke mwezi mzima kabla, tena libandikwe kule watu walikozoea kwenda, maana ndiko watakakokwenda.

Karani wa kalenda naye asinakili mpango wa mwaka jana. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku 11 hivi, kwa hiyo Idi huzunguka misimu yote: miaka kadhaa itaangukia jua kali, mingine itaangukia mvua. Pasaka nayo huhama kati ya tarehe 22 Machi na 25 Aprili, ikivuta karnivali za kabla ya Kwaresima na kila kinachoifuata. Uwanja uliotosha wakati wa kiangazi, ukilowa, nusu yake haikanyagiki, na watu wale wale hujibana kwenye nusu iliyobaki.

Kuna zoezi ninalowafanyisha wanaojitolea wapya, nalo halina gharama. Nachora sakafuni kwa chaki mraba wa mita 1 kwa mita 1. Nawasimamisha watu 4 ndani: wanaongea, wanageuka, wanacheka. Naongeza hadi 6. Kicheko kinakatika, kila mmoja anaona mwili wake haumtii tena, akisukumwa mmoja wanayumba wote kama maji kwenye ndoo. Ningefurahi sana kama maafisa wako wangesimama kwenye mraba huo kwa dakika 5, nawe ukiwemo. Ukitoka hapo utaweza kusimama darajani na kuujua umati unaoanza kubana kabla mtu hajaanguka.

Mambo ya vyoo, maji ya kunywa na malipo ya wafagizi wa alfajiri nimeyaandika kwenye karatasi nyingine niliyoiacha kwa katibu wako. Nayo yana uzito, ila yanaweza kusubiri wiki. Ngazi haziwezi.

Pale darajani, upande wa mto, zipo ngazi mbili, umbali wa hatua 100 hivi kati yake. Kwa mkesha ujao naomba moja iwe ya kupanda na nyingine ya kushuka, kuanzia jioni, na kwenye kila mwanzo wa ngazi kuwe na watu 2 na kipaza sauti. Mimi nitakuwa kwenye ngazi za kushukia kuanzia saa 2 usiku.

Wako mtiifu,

Mkazi wa jiji, mhudumu wa kujitolea wa huduma ya kwanza