Barua ya wazi kwa Mganga Mfawidhi: dawa ya kolestro ya mzee wangu iko wapi?

Mheshimiwa daktari, shikamoo. Najua una majukumu mengi, ila jana tena dirishani nimeambiwa haipo, kanunue nje. Mzee wangu alipigwa stroki, mkono wa kulia mpaka leo haushiki kikombe, na daktari wenu mwenyewe ndo kamwandikia atovastatini, hiyo dawa ya kolestro, kila usiku akasema asiache. Sasa asiache vipi?

Foleni yenu ni ndefu, ahsanteni, nimepata muda wa kusoma kwenye simu. Nimesoma habari za Akira Endo, Mjapani aliyegundua dawa ya kwanza ya jamii hii ya atovastatini, mtoto wa wakulima wa Akita, kafariki Juni 2024 na miaka 90. Huyu bwana akiwa kampuni ya Sankyo kule Tokyo alipekua ukungu na kuvu aina kama 6,000 akitafuta kitu cha kulizuia ini lisitengeneze kolestro nyingi, mpaka 1973 akakipata kwenye ukungu ulioota kwenye mchele. Mchele, daktari! Akajaribu kwa panya, kolestro haikushuka. Hakufunga dirisha, akahamia kwa kuku wa mayai na ikashuka. Dawa ya kwanza ya aina hiyo kuruhusiwa Marekani ilikuwa 1987, tena ya kampuni nyingine, hela wakaila wengine, yeye hata utajiri hakuupata.

Kwa hiyo kazi ngumu ilishafanyika Tokyo, nyie mmebakiwa na kuagiza tu. Na sio dawa ya siri, hati miliki zilishaisha, viwanda kibao vinatengeneza. Sasa sijui ni bima hawajawalipa, sijui oda haikuandikwa, maana famasi ya ng'ambo ya barabara haijawahi kuishiwa hata siku moja. Ya nani sijui na sijasema kitu.

Mimi naendesha bajaji, hela ya marejesho kwa bosi ndo hiyo hiyo nanunulia vidonge, mwisho wa mwezi mzee anameza siku moja anaruka moja, ananificha. Na kwenye mkutano wa wananchi ulisimama wewe mwenyewe ukasema dawa za presha, sukari na moyo hazitakosekana tena, tukakupigia makofi.

Sihitaji kuitwa ofisini wala kuundiwa kamati. Nataka dawa iwepo dirishani, mzee aipate kwa kadi yake ya bima. Dawa iwepo, basi. Ijumaa ndo kliniki yake na tutakuja, iwepo daktari.